Hewa Ziliyopewa Mashine

Ninyi mnaoanza kufungua kompyuta siku hizi mna tatizo moja: mnadhani kila kitu kiko kwenye simu. Kijana anakuja hapa kwangu Nyahanga, Kahama, ananiamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba, halafu ananionyesha video. Mzungu kavaa glavu nyeusi, meza yake safi kama ya daktari, anabadilisha feni za kadi ya grafiki huku muziki unapiga. "Mama Minza, hivi ndivyo?" Ndivyo, mwanangu. Ila huyo mzungu hajawahi kuvuta vumbi la karasha. Karasha likisaga mawe ya dhahabu, unga wake unaingia mpaka kwenye mboga. Kwenye kadi utaacha kuingia kwa sababu gani?

Mimi kazi nimeacha. Kifua kimekataa, na macho hayaoni tena skrubu ndogo zile. Lakini mnakuja kuniuliza, na mnaniuliza mambo ya feni na pesti tu, kana kwamba kazi yetu inaishia hapo. Basi nitawaeleza, ila mnivumilie, maana ninachotaka kuwaambia hakipendezi.

Tuanze na mnachokitaka. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kompyuta ya gemu au ya kuhariri video za harusi, ina chipu moja kubwa katikati, na chipu hiyo inachemka. Juu yake kuna hitisinki, pande la chuma lenye mapezi membamba, na juu ya hitisinki kuna feni. Feni za kiwandani ni ndogo, zinapiga kelele, na huku kwetu hazimalizi misimu miwili. Wengi wananunua kadi nyingine. Mimi nilikuwa navua lile gamba la plastiki lote, nafunga feni mbili kubwa za kesi ya kompyuta juu ya mapezi kwa tai za plastiki, zile za kufungia nyaya, feni zikitazama chini, zikisukuma hewa ndani ya mapezi. Haipendezi kuangalia. Lakini joto linashuka mpaka mteja anadhani umemdanganya.

Pesti, ile ya kijivu ya kupeleka joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye hitisinki, weka kiasi cha harage dogo na uisambaze ifunike chipu yote. Kuna bwana mmoja alinijia kutoka Kishapu, anahariri video za ngoma. Nikafungua kadi yake, ikanukia minti. Fundi wake wa kwanza alikuwa amepaka dawa ya meno, eti rangi ni ile ile. Imekauka, imekuwa chaki. Nikamwambia, "Baba, angalau kadi yako haina matundu." Hakucheka. Mafundi wawili waliokuwa wamekaa barazani walicheka kwa niaba yake.

Pedi za kuwekwa juu ya memori, pimeni unene wa zile za zamani kabla ya kununua mpya. Pedi ikizidi unene inaiinua hitisinki, haigusi chipu, na wewe unabaki kulaumu pesti. Skrubu kazeni kwa kuvuka, hii ya juu kulia, kisha ya chini kushoto, kidogo kidogo. Mkipuliza vumbi, shikeni feni kwa kidole isizunguke. Na kama mteja anakubali, punguzeni umeme unaovutwa na kadi kwenye programu yake. Utapoteza kasi kidogo sana, joto litapungua sana. Wateja hawapendi hilo. Wanataka kitu cha kuonekana, feni yenye taa.

Basi, hayo mmeyapata. Sasa nisikilizeni.

Joto unaloliondoa kwenye kadi haliendi mbinguni. Linaingia chumbani. Ukilitoa chumbani linakwenda nje, na hewa ya kuchukua nafasi yake lazima itoke mahali. Hili sikulijua kwa kusoma. Nilifundishwa na mchimbaji.

Alikuwa anaitwa Jumanne, mtu wa Singida, sisi tulimwita Baba Zuhura kwa jina la binti yake. Alikuwa machimboni Mwakitolyo, kwenye duara la Bosi Maganga. Duara ni lile shimo wanaloshukia wachimbaji wadogo, wanaapolo, kufuata mwamba wenye dhahabu. Jumanne hakuwa anachimba. Kazi yake ilikuwa hewa. Mdomoni mwa duara kulikuwa na blowa, feni kubwa ya umeme, imefungwa mpira mpana wa nailoni unaoshuka mpaka chini kabisa. Wakishalipua baruti, moshi unabaki kule chini, na moshi ule unaua bila kelele. Blowa inasukuma hewa safi, moshi unapanda, halafu Jumanne anashuka wa kwanza peke yake kuona kama watu wanaweza kufanya kazi. Akisema bado, hakuna anayeshuka, hata bosi afoke vipi.

Mimi nilifikaje huko? Bosi Maganga. Mtu wa maneno mengi, saa kubwa mkononi, alianza kwa kununua dhahabu ya wachimbaji, akaja kumiliki maduara. Sijui nani Mwanza alimweleza habari za sarafu za kwenye mtandao, kwamba kompyuta zikiwashwa usiku na mchana zinachimba fedha hewani. Neno kuchimba lilimwingia vizuri. Akanunua shehena ya kadi zilizotumika, feni zimechoka zote, akazipanga kwenye mbao ndani ya kibanda cha bati, hatua chache kutoka mdomo wa duara, kwa sababu pale umeme mkubwa ulikuwepo tayari. Zikawa zinazima. Akaulizia fundi, akaletwa kwangu.

Nilipoingia kibandani mara ya kwanza nilitoka mbio. Ilikuwa kama kuweka uso juu ya sufuria la makande. Nikamwambia, "Bosi, hapa hata mbuzi atazima."

"Wewe tengeneza, mama. Fedha si shida."

Nikatengeneza. Kadi moja moja, nikavua magamba, nikabadilisha pesti na pedi, nikafunga feni kubwa. Nilikaa Mwakitolyo siku nyingi kwa kazi ile, nikala kwa mama ntilie, nikalala chumba cha wageni ambacho godoro lake lilikuwa na historia ndefu. Kila kadi peke yake ilikuwa baridi. Zikiwashwa zote pamoja, kibanda kinarudi kuwa tanuri.

Jumanne alikuwa anakuja kunitazama akisubiri zamu yake. Mwembamba, kofia ya kufuma kichwani hata kwenye jua kali, anaongea polepole. Siku moja akaniuliza, "Mama Minza, unajua hewa ya humu inakwenda wapi?"

"Inatoka dirishani."

"Umeiona?"

Akachukua kipande cha gunia, akakiwasha, akakizima, kikabaki kinatoa moshi. Akasimama katikati ya kadi zangu. Moshi ukapanda, ukafika kwenye bati, ukazunguka, ukarudi chini kwenye feni zile zile. Dirishani haukutoka hata kidogo. Mashine zilikuwa zinavuta joto lao wenyewe.

"Chini duarani ni hivi hivi," akasema. "Hewa haisogei mpaka isukumwe. Ukitoboa juu peke yake, haitoshi. Lazima kuwe na ya kuingia na ya kutoka."

Tangu siku hiyo kila chumba cha mashine nilichoingia nilipima kwa moshi. Nimeheshimiwa Kahama na Geita kwa jambo hilo. Wengine wanasema nililitoa kwenye vitabu. Lilitoka kwa Baba Zuhura.

Tukakubaliana mimi na yeye: matundu chini upande wa mashariki yawekwe wavu wa mbu kuzuia vumbi, juu upande wa magharibi iwekwe feni ya kutolea, na upande wa kuingilia ifungwe blowa. Blowa ya pili. Nikampigia Bosi Maganga simu, Jumanne akiwa amesimama pembeni yangu. Nikamwambia wazi, "Nunua blowa ya pili, ya kibanda peke yake. Bila hiyo kadi zitakufa."

"Sawa, mama fundi. Nimekuelewa."

Nikarudi Kahama. Wiki zikapita, nikampigia tena. Anasema iko njiani. Nikapiga tena, anasema anashughulikia. Siku moja akanipigia yeye, anacheka. "Njoo uone kadi zako, mama. Zinapumua kama watoto wachanga."

Nikajua blowa imefika. Nikafurahi, siwafichi. Asubuhi yake nikapanda gari, njia panda nikachukua bodaboda, nikafika Mwakitolyo vumbi mpaka kwenye kope. Msimamizi wa duara akanipokea, "Mwangaluka, mama," salamu yetu ya asubuhi, akanifungulia kibanda.

Kulikuwa na ubaridi. Nikatazama namba za joto kwenye kioo cha kompyuta, sijawahi kuziona chini vile. Nikasimama pale natabasamu peke yangu. Upepo unanipiga miguuni, upepo mzuri, mzito. Nikauliza, "Blowa mpya mmeiweka wapi? Mbona siioni nje?"

"Mpya ipi?"

"Inayoleta hewa hii."

"Hii ni ile ile. Bosi alileta fundi bati, wakaunga kiungo hapa nyuma ya ukuta. Nusu inakuja huku, nusu inakwenda duarani."

Nikainama nyuma ya mbao. Ni kweli. Mpira wa nailoni ulioingia kibandani ulikuwa mfupi, mnene, umejaa mpaka umekuwa mgumu. Ninyi ni mafundi, hebu fikirini. Hewa ina njia mbili: moja fupi iliyonyooka, nyingine ndefu inayoshuka chini ya ardhi na kukata kona. Nusu? Nusu gani?

"Baba Zuhura anajua?"

"Alikuwa ameenda msibani kwao. Amerudi jana."

"Jana mmelipua?"

"Jioni."

"Yuko wapi sasa?"

Msimamizi akageuka kutazama mdomo wa duara. "Ametangulia kushuka. Kupima."

Mjue kwamba Jumanne hakuwa mzembe. Alifika asubuhi, akaisikia blowa inanguruma kama kila siku. Mpira pale mdomoni ulikuwa umejaa. Blowa ilikuwa imeegemea ukuta wa kibanda kwa nje, na kiungo kilikuwa upande wa ndani wa ukuta huo, kibanda kimefungwa kufuli. Mtu ataonaje kitu kilichofungiwa?

Sikumbuki nilivyoung'oa ule mpira. Nakumbuka nilikuwa na kisu cha kukatia tai za plastiki. Nikamfokea msimamizi tuzibe kile kiungo, tukakiziba kwa gunia na mikanda yetu, hewa yote ikaenda duarani. Nyuma yangu kadi zikaanza kupiga kelele, feni zote zinakimbia, kisha zikazima, moja, nyingine, nyingine. Sauti ile nilikuwa nimeichukia miaka yote ya kazi yangu. Siku hiyo nilitaka zizime haraka zaidi.

Wanaapolo walikuwa wamekusanyika mdomoni. Wanaita, "Jumanne! Jumanne!" Wawili wakaanza kuvua mashati washuke. Nikawashika.

"Msishuke! Hewa haijafika!"

"Mama, tuachie! Ni ndugu yetu yule!"

"Mkishuka sasa tutawatoa watatu!"

Mmoja alinitukana tusi ambalo sitalirudia, na alikuwa na haki. Nikasimama mbele ya ngazi, mwanamke wa umri wangu, nimepanua mikono kama nazuia kuku. Nilikuwa nawazuia watu wasimfuate mtu aliyenifundisha yale yale niliyokuwa nawaambia. Msimamizi akaja kusimama upande wangu, analia. Tukasubiri mpaka moshi ulipoanza kutoka mdomoni, mchafu, unawasha macho. Tukasubiri upungue. Ndipo wakashuka wakiwa wamefungwa kamba.

Walimtoa Jumanne akiwa na kofia yake kichwani. Alikuwa amekaa kwenye kona ya mwisho, walisema, mkono kwenye mpira. Mpira ulikuwa umelala kama soksi. Nadhani alipoushika ndipo alipojua. Hakupata muda wa kupanda.

Bosi Maganga alifika mchana. Alilia mbele za watu, na nadhani machozi yalikuwa ya kweli, kwa maana mtu anaweza kulia kweli na bado akafanya aliyofanya baadaye. Kikafanyika kikao pale penye turubai wanapogawana mawe. Walikuwepo viongozi wa machimbo na wachimbaji wengi. Bosi akasimama.

"Mimi si fundi," akasema. "Mimi ni mfanyabiashara. Fundi alikuja, akaniambia mashine zinahitaji hewa. Nikazipa hewa."

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama.

"Nilikwambia ununue blowa ya pili."

"Ulisema hewa, mama."

"Nilisema blowa ya pili! Marehemu alikuwa amesimama pembeni yangu nikikwambia!"

Shahidi wangu alikuwa chini ya shuka. Nikawaambia, twendeni basi kibandani mkaone kiungo. Tukaenda. Hakikuwepo. Ukuta ulikuwa na tundu tu, na tundu halisemi lilikuwa la nini. Nikamtazama msimamizi. Akatazama chini. Ana watoto, simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Mzee mmoja aliyekuwa anaongoza kikao akaniambia kwa upole, upole ule unaokata, "Mama, tumekusikia. Sasa tumzike mwenzetu kwanza." Ikasemwa kwamba ni moshi wa baruti. Na ni kweli, ulikuwa moshi wa baruti. Uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuupinga. Bosi Maganga akatoa jeneza na gari, akasafiri na mwili mpaka Singida, akapewa nafasi ya kusema kaburini. Waliokuwepo wanasema aliongea vizuri.

Mimi nikapewa maneno mengine. Mwakitolyo wakasema yule mama fundi alizuia watu wasimwokoe. Wengine wakasema mashine zile zilikuwa zinataka damu, na mimi ndiye niliyezileta. Dukani kwangu Nyahanga kuna wateja waliacha kuja kwa ajili hiyo. Wale wawili niliowazuia wako hai mpaka leo. Mmoja anaendesha bajaji hapa mjini. Tukikutana ananisalimia, shikamoo mama, halafu anatazama pembeni.

Bosi alitafuta fundi mwingine. Alimpata bila shida, kijana hodari, mikono safi. Akanunua na blowa ya pili. Ndiyo, alinunua, ndani ya mwezi ule ule. Baadaye hizo sarafu zikashuka, akachoka nazo, akauza kadi zote kwa jumla. Kadi hizo ziko mjini, ziko Kahama, ziko Geita, ziko Shinyanga. Mnachezea gemu. Mnahariria harusi. Ziko vizuri tu. Niliwahi kuletewa moja, nikamwambia mteja aende kwa mwingine.

Mnaniuliza kwa nini siku hizi nina maneno makali ninapoona mtu anafunga feni bila kuuliza hewa inatoka wapi. Ndiyo sababu. Mteja akikuambia fedha si shida, mwulize shida ni nini. Akisema amekuelewa, rudi ukaangalie kwa macho yako. Mimi nilipiga simu. Simu haioni nyuma ya ukuta. Sijilaumu kwa yale ya Maganga, nilishayapima na kuyapima, lakini nawaambia ninyi, nendeni.

Mke wa Jumanne, Mama Zuhura, alikuja dukani kwangu baada ya eda yake kwisha. Sikuwa nimewahi kumwona. Mwanamke mrefu, ushungi mweusi, amekuja na basi kutoka Singida peke yake. Nikajua amekuja kunihukumu. Nikafunga mlango wa duka, nikampa kiti na maji.

Hakuniuliza habari za blowa. Hakuniuliza habari za Bosi. Alitazama kadi zilizokuwa mezani, zimefunguliwa, mapezi nje.

"Ndizo hizi?"

"Zinafanana na hizi."

"Zile za kule zilikuwa zinafanya nini?"

Nikaanza kumweleza. Sarafu, mtandao, umeme. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akanikatisha.

"Sijasoma, mama. Nieleze kama mtoto. Zikiwaka mchana kutwa, zinafanya nini?"

"Zinahesabu."

"Zinahesabu nini? Mifuko? Watu?"

"Hapana. Zinatafuta namba. Kuna namba imefichwa, mashine nyingi duniani zinaitafuta kwa pamoja. Inayoipata kwanza ndiyo inalipwa."

"Zinaitafutaje?"

Nilitamani kumpa jibu lenye heshima.

"Zinajaribu hii. Ikiwa siyo, zinajaribu nyingine."

Akanyoosha kidole, akagusa ukingo wa pezi moja, akakirudisha.

"Kwa hiyo zilikuwa zinabahatisha," akasema.

"Ndiyo, mama. Zilikuwa zinabahatisha."

Akamaliza maji yake. Akanishukuru, akaniuliza mahali magari ya Singida yanapopakilia. Nikamsindikiza mpaka stendi.